Upasuaji wa chini kwa saratani changa ya puru: kisu ni sehemu ndogo

Mgonjwa aliyekatwa saratani changa ya puru kupitia njia ya haja kubwa huenda nyumbani siku ya pili. Tumbo halina mshono, ubavuni hakuna mfuko wa choo, na jioni yake anakula na wenzake. Ndugu wakimwona anashuka kwenye bajaji kwa miguu yake wanasema Mungu mkubwa, yamekwisha. Upande wa madaktari hapo ndipo mambo yanaanza. Kilichotoka mezani ni nyama ya kupimwa. Kama saratani ilikuwa changa kweli, kama imetoka yote, kama ilishaingia kwenye vimishipa vya limfu, hayo atayasema mtaalamu wa patholojia, wala si mpasuaji. Tumejifunza kuuchukulia upasuaji huu kama biopsi kubwa, yaani nyama iliyokatwa ili ipimwe, ambayo nyama ikikutwa na sifa nzuri ndiyo inageuka kuwa tiba.

Puru ni sentimita 15 hivi za mwisho za utumbo mpana. Ukuta wake una matabaka: utando wa ndani unaotoa ute, chini yake tabaka laini lenye mishipa ya damu na ya limfu, kisha msuli, na nje ya msuli mafuta yaliyobeba tezi za limfu. Saratani iliyovuka utando na kuishia kwenye tabaka laini huandikwa T1. Ikiingia kwenye msuli ni T2, ikitokeza kwenye mafuta ni T3. Upasuaji wa chini, tuuite hivyo kwa kifupi, hukata kipande cha ukuta na kuacha tezi zilipo. Upasuaji wa tumbo, kwa namna ambayo mpasuaji Bill Heald wa Uingereza aliieleza mwaka 1982, huondoa puru pamoja na bahasha nzima ya mafuta na tezi zake. Tofauti kati ya upasuaji hizo mbili, faida na hatari zake zote, zimekaa kwenye tezi hizo.

Kwa T1 ikichukuliwa kwa jumla, mgonjwa mmoja kati ya kumi hivi tayari ana seli za saratani kwenye tezi. Kwa T2 ni mmoja kati ya watano hivi. Lakini T1 zenyewe hazilingani. Mgawanyo wa Kikuchi, daktari wa Japani, hukata tabaka laini mafungu matatu kwa kina. Fungu la juu kabisa, sm1, hatari ya tezi ni kati ya sifuri na asilimia 3. Fungu la chini linalogusa msuli, sm3, hatari huweza kufika karibu robo ya wagonjwa, na hapo T1 imekuwa T2 kwa tabia ingawa jina halijabadilika. Saratani iliyokaa chini kabisa, karibu na tundu, nayo huwa na hatari zaidi ya iliyo juu. Kwa hiyo anayesema "ni T1, kata tu" amesema nusu ya habari.

Takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2007 zilipima jambo hili kwa wagonjwa wengi. Baada ya miaka 5, T1 zilizokatwa kwa chini zilirudi palepale kwa asilimia 12.5, na zilizofanyiwa upasuaji wa kawaida wa tumbo zilirudi kwa asilimia 6.9. Kwa T2 ilikuwa asilimia 22.1 dhidi ya 15.1. Ukisoma hapo tu utasema upasuaji wa chini haufai. Ila matatizo ya siku 30 za kwanza yalikuwa asilimia 5.6 kwa waliokatwa chini na 14.6 kwa waliofunguliwa tumbo, na hatari ya kufa mezani au wodini ni ndogo zaidi kwa chini. Mzee wa miaka 78 mwenye kisukari na moyo uliopanuka ana hesabu yake, na kijana wa miaka 40 mwenye afya ana ya kwake. Utafiti mwingine wa Marekani uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 ulikuta T1 zilizokatwa chini bila kuongezwa tiba nyingine zimerudi palepale kwa asilimia 8, na T2 zilizokatwa kisha zikapewa mionzi na dawa kwa asilimia 18. Namba hizo tunazieleza kwa mgonjwa kabla hajasaini. Tukimweleza baada ya jibu la patholojia, anaona tunajitetea.

Hapa Dar shida ya kwanza ni kwamba saratani changa haiji yenyewe kliniki. Wengi hufika ugonjwa umekomaa, na upasuaji wa chini haumo tena kwenye mazungumzo. Damu nyekundu chooni ina jina tayari kabla mtu hajapimwa: bawasiri. Mgonjwa anasema bawasiri, muuza duka la dawa anasema bawasiri, jirani ana dawa ya unga aliyonunua Kariakoo, na wakati mwingine hata zahanati inaandika bawasiri bila kumvua mtu nguo. Anapewa vidonge vya kuingiza nyuma, halafu metronidazoli kwa ajili ya amiba, halafu anaambiwa apunguze pilipili. Bawasiri na saratani vinaweza kukaa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kuiona ya kwanza hakufuti ya pili. Damu iliyochanganyika na ute, haja isiyoisha, choo kinachobana mara tano asubuhi bila kitu kutoka: hizo si dalili za kusubiri mwezi mwingine.

Kipimo kinachokosekana ni kidole. Kidole chenye glovu na jeli hufika sentimita 7 au 8, yaani karibu nusu ya puru, na hizo ndizo sentimita ambazo upasuaji wa chini unazihusu zaidi. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, magoti yakielekea kifuani. Watu wazima wanaona haya, na haya hiyo ina haki yake. "Mzee, samahani, nitakupima njia ya haja kwa kidole. Utasikia kama unataka kwenda chooni, lakini haitauma." Mlango ufungwe, wanafunzi wapungue, na shuka iwepo.

Kinachoandikwa baada ya kidole ndicho kinachoamua mengi, na mara nyingi hakiandikwi. Uvimbe uko sentimita ngapi kutoka ukingo wa tundu. Uko saa ngapi, kwa kuchukulia saa 12 kuwa mbele. Umeshika sehemu gani ya mzunguko. Laini au mgumu. Ukiusukuma unateleza juu ya msuli, au umenata. Uvimbe usio na saratani huwa laini kama ulimi. Saratani inayozama huwa ngumu kama gegedu la sikio, na mara nyingi ina kidonda katikati. Kidole cha mpasuaji mzoefu kikisema "umenata", picha nzuri ya MRI (mashine ya sumaku) isimtoe mtu wasiwasi. Kwa umbali, tumia bomba gumu la kuchungulia lenye alama za sentimita. Kamera laini hupinda ndani, na ile "sentimita 12" ya ripoti ya kolonoskopi, yaani ya kamera ya utumbo mpana, tumeizoea kuwa 8 mezani.

Kolonoskopi nzima hata hivyo haiepukiki, kwa sababu asilimia 3 hadi 5 ya wagonjwa wana saratani nyingine juu zaidi. Anayeichungulia puru atoe vipande vya biopsi vinne hadi sita, vidogo, vya pembeni mwa uvimbe. Asijaribu kuung'oa kwa waya wa umeme nusu nusu. Hili ndilo kosa linaloharibu kesi nyingi nzuri: uvimbe unatoka vipande vitano, hakuna ajuaye ukingo ulikuwa wapi, msingi umeungua, na kovu lililobaki linafanya MRI ya baadaye isomeke kama T2. Ukiingiza maji ya chumvi chini ya uvimbe nao ukakataa kuinuka, huo ni ujumbe kwamba huenda umezama. Ila uvimbe uliokwisha kuchomwa au kunyofolewa sana nao hauinuki, hata ukiwa hauna saratani.

Biopsi ikirudi "hakuna saratani" na kidole kinasema kigumu, rudia. Na ikirudi saratani, soma aina yake. Saratani ya ngozi ya tundu la haja, tunayoiona zaidi kwa wanaoishi na VVU, inaweza kupanda hadi puruni na kuonekana sawa kwa macho. Tiba yake kuu ni mionzi pamoja na dawa, si kisu. Kwa waliokulia Kanda ya Ziwa kumbuka pia kichocho cha utumbo, ambacho huotesha vinyama vinavyotoa damu na kumtisha kila mtu.

MRI ifanywe kabla ya kukata chochote. Baada ya kukata, uvimbe wa jeraha hujifanya ugonjwa. MRI ni nzuri kuonyesha kama saratani imefika kwenye mafuta na kama tezi zimeharibika. Kutenganisha T1 na T2 haiwezi vizuri, na ripoti nyingi huandika "T1/T2" kwa sababu hiyo. Ultrasaundi ya kuingizwa puruni husaidia zaidi kwa saratani changa, ikiwa mpimaji ameizoea. CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) ya kifua na tumbo, na kipimo cha damu cha CEA, protini ambayo saratani ya utumbo mara nyingi huiongeza, vinakamilisha. CEA ya kabla ya upasuaji ni ya bei nafuu ukilinganisha na vingine na husahaulika, halafu miezi sita baadaye tunapata 6 na hatujui ilianzia ngapi.

Anayefaa, basi, ni mwenye uvimbe usiozidi sentimita 3, ulioshika chini ya asilimia 30 ya mzunguko, unaocheza, wenye seli za daraja nzuri au la kati, yaani ambazo bado zinafanana kiasi na seli za kawaida, bila tezi zenye shaka kwenye picha. Kwa vyombo vya kawaida uwe ndani ya sentimita 8. Nje ya hapo, upasuaji wa chini hubaki kwa asiyeweza kufunguliwa tumbo au aliyekataa kabisa mfuko wa choo baada ya kuelezwa. Huyo wa pili tumheshimu, lakini asiandikwe kwenye faili kama aliyefaa.

Njia za kukata ni tatu. Ya kwanza ni ya vishikio: tundu linapanuliwa, uvimbe unavutwa chini na kukatwa kwa macho. Ni rahisi na haina gharama, lakini juu ya sentimita 6 au 7 unakata usichokiona. Ya pili aliianzisha Gerhard Buess wa Ujerumani mwaka 1983: bomba la chuma la sentimita 4 kwa upana, lenye darubini na gesi. Ya tatu, iliyoanza Florida mwaka 2009, hutumia mdomo laini wa plastiki tunduni na vyombo vilevile vya upasuaji wa matundu madogo wa tumbo. Ulinganisho uliochapishwa Marekani mwaka 2008 kati ya vishikio na bomba la Buess ulikuta kingo safi kwa asilimia 71 dhidi ya 90, na uvimbe kurudi kwa asilimia 27 dhidi ya 5. Wagonjwa wa makundi hayo mawili hawakupangwa kwa kura, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama mizani ya duka la dhahabu. Mwelekeo wake lakini unaaminika: anayeona vizuri anakata vizuri.

Kwa hospitali yenye kamera ya upasuaji wa tumbo tayari, njia ya tatu ndiyo inayoingilika. Kinachonunuliwa ni ule mdomo wa tunduni tu, ambao ni wa kutumia mara moja. Wapo wanaobuni kwa glovu iliyofungwa juu ya pete, na inafanya kazi, ila gesi huvuja na puru inapumuapumua mbele ya kisu. Shinikizo la gesi liwe kati ya milimita 12 na 15 za zebaki (mmHg). Ikivuja, rekebisha kwanza. Kukata ukuta unaocheza ndiko kunakoleta ukingo mchafu.

Utumbo usafishwe usiku wa kuamkia, au angalau puru kwa enema mbili. Dozi moja ya dawa ya kuzuia vijidudu, mara nyingi seftriaksoni na metronidazoli, itolewe kabla ya kukata, ndani ya saa moja. Ganzi ya mgongo inatosha kwa vishikio. Kwa gesi tunapendelea nusu kaputi na misuli iliyolegea. Ukitumia bomba gumu, uvimbe lazima uwe upande wa chini, kwa hiyo mwenye uvimbe wa mbele analazwa kifudifudi na wa nyuma analazwa chali miguu juu. Hapa ndipo ile saa iliyoandikwa kliniki inadaiwa.

Weka nukta za umeme kuzunguka uvimbe, sentimita moja nje ya ukingo unaoonekana. Fanya hivyo kabla ya kuanza, kwa sababu damu ikishatoka na utando ukivimba macho hudanganya. Kisha kata wima hadi uone mafuta ya njano. Mtu anayeogopa hukata kwa mshazari kuelekea ndani, na mwisho wake kipande kina ukingo mzuri juu na hakina kitu chini. Ukuta wa mbele uwe na adabu yake: kwa mwanamke mbele yake kuna uke, na tundu likitoboka choo kitapitia huko. Kwa mwanamume kuna tezi dume na njia ya mkojo. Ukipanda juu mbele unaingia kwenye tumbo lenyewe. Likitokea hilo si mwisho wa dunia, ila lishonwe palepale, na mwenye kushona puru kwa ndani awe yupo chumbani, asiwe wa kupigiwa simu akiwa kwenye foleni ya Mwenge.

Kabla ya kushona, osha jeraha kwa povidoni ayodini iliyochujuliwa ili seli zilizoanguka zisipate makazi. Shona kwa kufuata upana wa puru, siyo urefu wake, vinginevyo utaibana. Uzi unaoyeyuka namba 3-0 unatosha. Jeraha la nyuma lililo chini linaweza kuachwa wazi na likapona, ingawa wengi wetu hatulali vizuri tukiliacha.

Sasa nyama. Kama tungepewa nafasi ya kurekebisha hatua moja tu, tungechagua hii. Mpasuaji mzuri anaweza kukata saa moja na nusu kwa uangalifu, kipande kikatupwa kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, kikajikunja kama mrenda uliokauka, na ndugu akakabidhiwa akipeleke maabara. Ndugu anapanda daladala nacho, anafika maabara imefungwa, anakiweka nyumbani hadi Jumatatu. Wakati mwingine ndani kulikuwa na maji ya chumvi badala ya formalini. Siku ya tatu seli zimeoza na swali la sm1 au sm3 halina tena wa kulijibu. Mgonjwa huyo ataishia kuchagua kati ya upasuaji mkubwa ambao huenda hakuuhitaji na kusubiri gizani.

Utaratibu wenyewe ni wa dakika tano. Kitandaze kipande juu ya ubao wa koki, au juu ya kipande cha stairofomu kilichokatwa kwenye boksi la dawa, utando ukitazama juu. Kibane pembeni kwa pini zisizoshika kutu au sindano, bila kuvuta kupita ukubwa wake wa asili. Andika kwenye ubao juu, chini, kulia, kushoto. Kigeuze kielee kwenye formalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya formalini kali ya dukani kwa sehemu tisa za maji, na ujazo uwe mara kumi ya nyama. Kikae humo saa 24 angalau. Ubao uende na nyama hadi maabara. Fomu iandike umbali, saa, na neno "ukuta wote". Mtaalamu wa patholojia apake wino kingo na kukata vipande vya milimita 2 hadi 3, na vyote viingie kwenye nta. Asichague viwili "vinavyowakilisha".

Ripoti inayofaa inajibu mambo haya: kina kwa mikromita au kwa mafungu ya sm1 hadi sm3, daraja la seli, kama saratani imeingia kwenye mishipa ya limfu au ya damu, kama kuna vichipukizi vya seli kwenye ncha inayosonga mbele, na umbali kutoka ukingo wa pembeni na wa chini kwa milimita. Vichipukizi vinahesabiwa: 0 hadi 4 ni kidogo, 5 hadi 9 wastani, 10 na zaidi ni vingi. Ukingo chini ya milimita 1 tunauhesabu mchafu. Ripoti ya mstari mmoja, "saratani ya utumbo, daraja la kati", haitoshi kuamua maisha ya mtu. Pigia simu maabara kwa heshima, uliza kilichobaki. Mara nyingi vigae vya nta vyenye nyama vipo na jibu linaweza kuongezwa, kilichokosekana ni aliyeuliza.

Ikirudi sm1, daraja nzuri au la kati, mishipa safi, vichipukizi vichache, ukingo safi, basi mgonjwa anaingia kwenye ufuatiliaji. Ikikosa moja kati ya hayo, ushauri ni upasuaji wa tumbo, mapema, kabla saratani haijarudi. Hapa mazungumzo huwa magumu. "Daktari, si mlishakitoa chote? Mbona mnataka kunifungua tena?" Mama wa watu ana haki ya kushangaa ikiwa hakuambiwa mwanzo. Aliyeambiwa kabla kwamba jibu linaweza kutaka hatua ya pili hupokea kwa huzuni, lakini hupokea. Asiyeambiwa anaenda kutafuta maoni kwingine, na kwingine mara nyingi ni kwa mganga.

Wanaofanyiwa upasuaji wa pili mapema kwa sababu ya ripoti mbaya hufanya vizuri kama ambao wangefunguliwa tangu mwanzo. Wanaosubiri hadi saratani irudi hawana bahati hiyo. Ikirudi, mara nyingi imekaa pembeni mwa ukuta kwenye mafuta, imeshika vya jirani, na hata ikikatwa karibu nusu tu ndio wanaofika miaka 5. Jambo moja ambalo wapasuaji hawalisemi sana: kovu la upasuaji wa chini, hasa wa nyuma na wa chini kabisa, huharibu ile bahasha ya mafuta, na upasuaji wa pili unakuwa mgumu na mfuko wa kudumu unakuwa karibu zaidi. Kwa hiyo kukata "kwa kujaribu" uvimbe ambao kila mtu anaushuku kuwa T2 kuna bei.

Na hizo T2? Zipo njia za kupunguza kwanza kisha kukata. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa wagonjwa mionzi ya siku 5, likasubiri wiki 8 hadi 10, kisha likakata kwa chini, na asilimia 70 ya waliopangiwa njia hiyo walibaki na puru yao. Jaribio hilo lilikuwa dogo. Mionzi ipo hapa mjini, Taasisi ya Saratani Ocean Road ikiwa kongwe, na umbali wa kutoka Muhimbili ni mfupi. Ila anayepanga njia hii ajue kwamba jeraha lililokatwa kwenye ukuta uliopigwa mionzi huachia mara nyingi, hutoa usaha, na huuma wiki kadhaa kwa kiwango ambacho wagonjwa wa T1 hawakijui. Mwanamke ambaye bado anataka kuzaa lazima aelezwe kuhusu mionzi na mayai yake kabla ya siku ya kwanza.

Nyumbani, wiki mbili za mwanzo zina mambo machache. Choo kiwe laini: maji mengi, papai, mboga za majani, na laktulosi ikihitajika. Enema na vidonge vya kuingiza nyuma haviruhusiwi kabisa, hata vile vilivyobaki vya bawasiri. Beseni la maji ya vuguvugu mara mbili kwa siku hutuliza. Kunawa kwa maji kama kawaida ni bora kuliko karatasi. Diklofenaki na aspirini za duka la dawa ziepukwe, kwa sababu damu kubwa ya kuchelewa hutoka siku ya 7 hadi ya 10, wakati kila mtu ameshasahau. Anayefunga Ramadhani aahirishe siku hizo, kiu na choo kigumu havina urafiki na mshono. Gesi kuponyoka bila taarifa ni kawaida kwa wiki chache na hurudi sawa kwa wengi. Homa, maumivu ya tumbo yanayopanda, mkojo kugoma, upepo au choo kupitia ukeni: hizo ni safari ya hospitali usiku huohuo. Anayekaa Chanika au Kigamboni awe na karatasi ya kuruhusiwa mkononi, iliyoandikwa kwa maandishi yanayosomeka nini kimekatwa na wapi, ili daktari wa zamu wa hospitali ya jirani asianze kwa kumwingizia bomba la enema.

Ufuatiliaji ndio unaofanya asilimia za vitabuni ziwe za kweli au za kubuni. Kidole na kamera ya puru kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. MRI au ultrasaundi ya puru ifuatane na kamera katika miaka miwili ya mwanzo, kwa sababu kinachorudi kwenye mafuta hakionekani kwa kamera. CEA kila safari. CT kila miezi 6 hadi 12. Kolonoskopi nzima baada ya mwaka. Saratani nyingi hurudi ndani ya miaka 3, lakini baada ya upasuaji wa chini zipo zinazorudi baada ya mwaka wa 5.

Mgonjwa aliyetoka mkoani, aliyefikia kwa shemeji Tandika, hatarudi kila miezi mitatu kwa sababu tu imeandikwa kwenye kadi. Hilo lipimwe kabla ya kukata, sawasawa na tunavyopima ukubwa wa uvimbe. Tunachukua namba tatu za simu: yake, ya anayeishi naye, na ya ndugu wa Dar. Tarehe ya kwanza ya kurudi tunaipanga ilingane na siku ya jibu la patholojia, ili nauli iwe moja. Hospitali ya mkoa iliyo karibu naye inaandikiwa barua yenye mchoro wa kovu, sentimita na saa, ili hata kidole cha daktari wa kule kijue kinatafuta nini. Na kama baada ya mazungumzo yote inaonekana wazi kwamba mtu huyu akipanda basi kituo cha Magufuli hatutamwona tena, upasuaji wa tumbo uwekwe mezani tangu mwanzo, hata kama uvimbe wake ni wa sentimita 2.